Petroli imepanda: ni vita, ni dola au ni tozo?

Tarehe 14 Oktoba 2023, EPRA, mamlaka inayosimamia nishati Kenya, ilitangaza kwamba lita ya petroli Nairobi itauzwa KSh 217.36. Bei haijawahi kufika huko kabla ya siku hiyo. Wiki moja nyuma Hamas walikuwa wameishambulia Israel na vita vya Gaza vikaanza, kwa hiyo maelezo yalipatikana haraka, kwenye matatu, redioni na kwenye makundi ya WhatsApp: ni vita.

Maelezo hayo hayawezekani. Fomula ya EPRA hupiga hesabu kwa mafuta ambayo meli zimeshayashusha Mombasa. Shehena iliyozaa bei ile ilinunuliwa na kupakiwa wakati Gaza haipo hata kwenye taarifa ya habari. Kilichokuwa kimepandisha bei ni vitu vitatu visivyo na mlio wa risasi: Saudi Arabia ilikuwa imejipunguzia uzalishaji kwa mapipa milioni 1 kwa siku tangu Julai, shilingi ya Kenya ilikuwa inakaribia 150 kwa dola, na VAT ya mafuta ilikuwa imepandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16 mwanzoni mwa Julai.

Ubishi wa kijiweni kuhusu mafuta huwa na kambi mbili. Moja inasema kila kitu ni vita vya wakubwa huko, serikali ifanye nini? Nyingine inasema vita ni kisingizio, tunaibiwa kwa tozo. Kambi ya kwanza huwa ya chama kinachotawala, ya pili ya wapinzani, na chama kikibadilisha upande, hoja nazo hubadilishana viti. Zote mbili zinapatia kwa miezi fulani na kukosea kwa miezi mingine, na mwezi wenyewe unaweza kujulikana kwa karatasi na kalamu.

Anza na kalenda. Tanzania Bara, EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, hutoa bei kikomo Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, zikianza kutumika saa 6:01 usiku. Kenya hutangaza tarehe 14, kwa kipindi cha tarehe 15 hadi 14 ya mwezi unaofuata. Zanzibar ina ZURA yake. Uganda haina bei kikomo kabisa, mwenye kituo hubadilisha kibao siku anayotaka, ingawa tangu Julai 2024 uagizaji wenyewe umewekwa mikononi mwa kampuni ya taifa ya mafuta, UNOC, ikinunua kwa Vitol, kampuni ya kimataifa ya biashara ya mafuta.

Nyuma ya tarehe hizo kuna safari ndefu. Kwa Tanzania, makampuni hupeleka mahitaji yao kwa PBPA, wakala wa uagizaji wa mafuta kwa pamoja. PBPA hutangaza zabuni miezi kadhaa kabla meli haijafika. Wazabuni hawashindani kwa bei ya mafuta yenyewe, maana hiyo inachukuliwa kutoka kwenye wastani wa bei za Ghuba zinazochapishwa na Platts, shirika linalofuatilia bei za soko la mafuta. Wanashindana kwa kile kinachoitwa premiamu: usafiri wa meli, bima na faida ya muuzaji, kwa dola kwa kila tani. Meli ikishapakia Ghuba huchukua takriban siku nane hadi kumi baharini, kisha ingoje zamu ya kushusha Kurasini au kwenye boya la Mjimwema, kisha mafuta yapimwe, yaingie matangi, yapakiwe kwenye malori. Kwa hiyo bomu lililolipuka leo, likigusa bei, litaonekana kwenye pampu baada ya mwezi mmoja hadi miwili. Ukiona kibao kimepanda wiki hii kwa ajili ya vita vya wiki hii, ama mwenye kituo amevunja sheria ya bei kikomo, ama kuna sababu nyingine.

Ucheleweshaji huo unakata pande zote mbili, na upande wa pili ndio unaowaudhi watu zaidi. Urusi iliivamia Ukraine tarehe 24 Februari 2022. Mwanzoni mwa Machi pipa la Brent, mafuta ghafi ambayo bei yake ni kipimo cha soko la dunia, lilipita dola 120, likashuka, likapanda tena Juni. Dar es Salaam, petroli ilikuwa TZS 3,148 mwezi Mei. Serikali ikaweka ruzuku ya TZS bilioni 100 kuanzia Juni na bei ikashuka hadi 2,994. Kisha Agosti ikaruka hadi 3,410, ruzuku ikiwa bado ipo, wakati kwenye televisheni Brent ilikuwa imeshateremka kuelekea dola 95. Watu wakasema dunia inashuka, sisi tunapanda, huu ni wizi. Haukuwa wizi. Agosti ilikuwa inalipa deni la Juni. Na kati ya Mei na Agosti hakuna tozo mpya iliyowekwa: ushuru wa bidhaa kwa lita ya petroli ulikuwa TZS 379, tozo ya barabara 413, tozo ya petroli 100, jumla 892, kabla na baada. Kupanda kote kwa miezi hiyo kulitoka nje. Hapo kambi ya vita ilikuwa na haki yake yote.

Sasa hesabu. Pipa ni lita 159. Brent ikipanda kwa dola 10, lita imepanda kwa senti 6.3 za dola. Kwa dola moja kwa TZS 2,500 hiyo ni kama TZS 157 kwa lita. Kwa KSh 129 ni karibu KSh 8.10, na VAT ya asilimia 16 ikikaa juu yake inakuwa KSh 9.40. Hizo namba mbili zinatosha kumnyamazisha mtu anayedai kwamba kupanda kwa dola 5 kwenye pipa kumeongeza TZS 400 kwa lita.

Bei za mafuta yaliyosafishwa hutolewa kwa tani, na tani si idadi ileile ya lita kwa kila mafuta. Petroli ni nyepesi, tani moja ni karibu lita 1,340. Dizeli ni nzito zaidi, tani ni karibu lita 1,190. Ukisikia premiamu ya dizeli imepunguzwa kwa dola 40 kwa tani, gawa kwa 1,190: senti 3.4 za dola kwa lita, yaani KSh 4.30 hivi au TZS 85. Ni pesa, lakini haiwezi kuwa sababu ya kibao kushuka kwa shilingi 20 za Kenya.

Halafu kuna kosa la kutazama Brent peke yake. Brent ni mafuta ghafi, na sisi hatununui mafuta ghafi. Kiwanda cha kusafisha cha Mombasa kiliacha kazi hiyo 2013, na TIPER ya Kigamboni ilishageuka kuwa ghala la matangi miaka mingi kabla yake. Tunanunua petroli, dizeli na mafuta ya taa yaliyokwisha kusafishwa, na soko la kila kimoja lina hasira zake. Mwezi Mei 2022 dizeli Dar es Salaam ilikuwa TZS 3,258, juu ya petroli, ingawa dizeli ilitozwa kodi ndogo: ushuru wake wa bidhaa ulikuwa 255 badala ya 379. Sababu ni kwamba Urusi ilikuwa muuzaji mkubwa wa dizeli kwa Ulaya. Ulaya ilipoanza kuikimbia, na hatimaye kuipiga marufuku tarehe 5 Februari 2023, ilikuja kununua kwenye Ghuba na India, kulekule tunakonunua sisi. Ndiyo maana vita vile viliumiza malori, matrekta na majenereta kuliko bodaboda, na kupitia malori vikafika kwenye mchele na saruji. Anayebishana kuhusu bei ya vyakula kwa kutumia bei ya petroli anatumia namba ya mafuta yasiyohusika.

Ramani nayo inahitaji kutazamwa. Kuna milango miwili ya bahari ambayo watangazaji huichanganya. Mlango wa Hormuz uko kati ya Iran na Oman, na mwaka 2024 ulipitisha karibu mapipa milioni 20 kwa siku, takriban sehemu moja ya tano ya mafuta yaliyotumiwa duniani. Bab el-Mandeb uko kati ya Yemen na Djibouti, ndio mlango wa Bahari ya Shamu. Wahouthi, wapiganaji wa Yemen, walipoanza kukamata na kupiga meli Novemba 2023, meli za makontena kati ya Asia na Ulaya zililazimika kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema. Lakini meli ya dizeli inayotoka Jubail au Ruwais, bandari za ndani ya Ghuba, kuja Tanga haipiti Bab el-Mandeb hata kidogo. Inatoka Hormuz, inashika Bahari ya Hindi, inateremka kusini. Meli inayotoka Jamnagar, kwenye pwani ya Gujarat, haipiti hata Hormuz, ingawa sehemu ya mafuta ghafi yanayokwenda kusafishwa pale hupita.

Je, Bahari ya Shamu haikutugusa? Ilitugusa kwa pembeni. Meli ikizunguka Afrika inakaa baharini siku nyingi zaidi, meli zilizo huru zinapungua sokoni, gharama ya kuzikodi inapanda hata kwa njia zisizo na vita. Bima nayo inapanda. Hapa ndipo hofu huzidi hesabu. Tuseme meli yenye thamani ya dola milioni 50 inatozwa bima ya vita ya asilimia 1 kwa safari moja, kiwango kikubwa. Hiyo ni dola 500,000. Meli imebeba tani 90,000 za dizeli. Gawanya: dola 5.56 kwa tani, chini ya nusu senti kwa lita, kama TZS 12. Bima ya vita peke yake haiwezi kuwa hadithi nzima ya bei, labda iwe imepanda hadi wenye meli wanakataa kabisa kwenda.

Tazama kilichotokea Kenya katika miezi hiyohiyo. Januari 2024, Wahouthi wakiwa kwenye kilele cha mashambulizi na Marekani na Uingereza zikiwapiga kwa ndege, petroli Nairobi ilikuwa KSh 207.36. Julai 2024 ilikuwa 188.84. Mashambulizi hayakuwa yamekoma, na Brent haikuwa imeshuka, ilikuwa juu kidogo kuliko Januari. Kilichobadilika zaidi ni shilingi. Januari dola ilikuwa imefika KSh 160, na baada ya serikali kupata fedha Februari za kununua sehemu kubwa ya Eurobond, yaani deni la dhamana za dola, iliyokuwa inaiva Juni, ilirudi hadi karibu 129. Chukua lita iliyogharimu senti 60 za dola kufika Mombasa: kwa 160 ni KSh 96, kwa 130 ni KSh 78. Tofauti ya 18, na VAT yake inafika karibu 21. Bei ilishuka kwa KSh 18.52. Ni nadra namba za siasa kukubaliana hivi na penseli.

Hii ndiyo sehemu ambayo kambi zote mbili huiruka, pengine kwa sababu dola haina chama. Serikali haipendi kuzungumzia kudhoofika kwa sarafu yake, na mpinzani anaona tozo ni rahisi kueleza jukwaani kuliko akiba ya fedha za kigeni. Tanzania ilionja upande mwingine wa tatizo hilo 2023: dola zilipatikana kwa shida, makampuni ya mafuta yakashindwa kulipa kwa wakati, baadhi ya vituo vikakauka. Muuzaji anayehofia kucheleweshewa malipo huongeza premiamu kwenye zabuni inayofuata. Hivyo uhaba wa dola unakulipisha mara mbili, kwenye kiwango cha kubadilisha na kwenye premiamu.

Mwaka huohuo, Julai petroli Dar ilikuwa TZS 2,736 na Agosti 3,199. Ongezeko la 463 kwa mwezi mmoja. Serikali ilitaja soko la dunia na vikwazo dhidi ya Urusi, na ni kweli soko lilipanda. Lakini bajeti ya 2023/24 ilikuwa imeongeza TZS 100 kwa kila lita. Mia moja kati ya 463 ni zaidi ya sehemu moja ya tano, na haikutoka Moscow wala Riyadh, ilitoka Dodoma. Mtu anayesema ongezeko lote ni tozo amekosea kwa 363. Anayesema lote ni vita amekosea kwa 100. Kwa hiyo kila bei inaporuka Julai, Agosti au Septemba, fungua kwanza Sheria ya Fedha ya mwaka huo kabla ya kufungua ramani ya Mashariki ya Kati, kwa sababu kodi mpya huanza tarehe 1 Julai. Kenya, petroli ilipotoka KSh 182.04 hadi 195.53 katikati ya 2023, ile 13.49 ilikuwa ni VAT mpya waziwazi.

Kisa ninachokiona kuwa na mafunzo mengi kuliko vyote ni cha Julai 2025, kwa sababu vita vilikuwepo kweli na bado havikutosha. Tarehe 13 Juni Israel iliipiga Iran, tarehe 22 Marekani ikaingia, tarehe 24 yakawa makubaliano ya kusitisha mapigano. Brent ilitoka karibu dola 69 ikafika 79 hivi, ikarudi chini ya 70 ndani ya siku chache. Hormuz haikufungwa. Tarehe 14 Julai EPRA ikapandisha petroli kwa KSh 8.99, hadi 186.31. Taarifa yenyewe ilionyesha wastani wa gharama ya kufikisha petroli Mombasa umetoka dola 590.24 kwa mita ya ujazo mwezi Mei hadi 628.30 mwezi Juni. Mita ya ujazo ni lita 1,000, kwa hiyo ongezeko ni senti 3.8 kwa lita. Zidisha kwa 129: KSh 4.90. Weka VAT: 5.70. Kwenye 8.99 zimebaki zaidi ya shilingi tatu ambazo vita haviwezi kuzieleza. Zilitoka ndani: katika mapitio hayohayo, viwango vya faida na gharama za usambazaji vinavyoruhusiwa kwa makampuni vilikuwa vimepandishwa.

Angalia jinsi hiyo inavyofanya kazi kisiasa. Hakuna aliyesema uongo, vita vilikuwepo na bei za nje zilipanda. Ila mwezi wenye vita ni mwezi mzuri wa kupitisha ongezeko lolote lililokuwa limekaa mezani, kwa sababu msomaji anaishia kwenye aya ya kwanza ya taarifa. Jedwali la mchanganuo huwekwa nyuma. Lisome hilo kwanza, na ulinganishe na la mwezi uliopita, mstari kwa mstari: gharama ya bidhaa, premiamu, hasara ya baharini, gharama za meli kusubiri, ada za bandari, kodi, faida ya jumla na rejareja, usafiri hadi wilayani.

Mstari wa meli kusubiri unastahili jicho la pekee, kwa kuwa ni gharama ambayo hakuna jenerali wa kigeni anayehusika nayo. Meli ikingoja nje ya bandari kwa kuwa matangi yamejaa au gati lina foleni, mwenye meli hulipwa kwa kila siku, na malipo hayo yanaingizwa kwenye bei ya lita. Mamlaka ya bandari Tanzania ilianza kujenga Kigamboni matangi 15 yenye ujazo wa mita za ujazo 378,000, moja ya sababu ikiwa ni hii. Mradi huo ukikamilika, mstari huo unapaswa kupungua, na mtu yeyote mwenye majedwali ya miezi kumi na miwili anaweza kuuliza kama umepungua.

Kuhusu ruzuku nitakuwa mfupi. Inatuliza bei kwa miezi, haiiondoi. Kenya ilipoondoa ruzuku ya petroli Septemba 2022, siku moja baada ya rais mpya kuapishwa, bei iliruka kutoka 159.12 hadi 179.30. Ile 20 na ushei ilikuwepo muda wote, ilikuwa inalipwa kwingine, na sehemu yake ilikuwa ni deni kwa makampuni ya mafuta. Mpango uliofuata, wa kuagiza kwa mkopo wa siku 180 kupitia makampuni ya serikali za Saudi Arabia na Falme za Kiarabu kuanzia 2023, nao uliahirisha haja ya dola, na premiamu ya kwanza ya dizeli ilikuwa dola 118 kwa tani kabla ya kujadiliwa upya na kushushwa. Siku 180 za mkopo zina bei yake, na bei hiyo ilikuwa imeandikwa humo.

Swali linalobaki baada ya bei kushuka ni nauli. Dar es Salaam, nauli ya daladala kwa njia isiyozidi kilomita 10 ilipandishwa na LATRA, mdhibiti wa usafiri wa nchi kavu, kutoka TZS 400 hadi 500 mwezi Mei 2022, kisha hadi 600 Desemba 2023, na mara zote mbili bei ya mafuta ilitajwa. Mwaka 2025 petroli ilirudi chini ya TZS 3,000 kwa miezi mingi. Nauli ilibaki 600. Wenye magari watasema matairi, vipuri na mikopo havikushuka, na wana hoja. Lakini utaratibu wenyewe unategemea maombi, na wenye mabasi ndio huomba. Abiria wana baraza lao la ushauri lililoundwa kisheria, LATRA CCC, lenye haki ya kutoa maoni kwenye mikutano ya mapitio ya nauli. Mikutano hiyo hutangazwa, iko wazi, na mtu anaweza kwenda na majedwali ya EWURA ya tarehe nauli ilipopandishwa na ya mwezi huu, akaomba mwombaji aonyeshe ni asilimia ngapi ya gharama zake kwa siku ni mafuta.